Macho hayana saa

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata pamoja na video, na nimecheka mpaka nikajisikia vibaya kidogo, maana najua uliandika kwa moyo mweupe. Unasema umemwona kijana wa miaka kumi na sita akirusha mpira wa besiboli kwa "maili 95 kwa saa, pengine 96", na kwamba huhitaji rada kwa sababu umeutazama mchezo huu miaka kumi na tano. Video nitaifikia mwishoni. Kwanza niambie: hiyo 95 uliiona wapi? Kwenye mpira wenyewe, au kwenye uso wa yule mpigaji aliyeruka nyuma?

Sikukejeli. Ugonjwa huo nimeugua mimi mwenyewe, tena kwa kiburi kuliko wewe. Mwaka jana nilikaa nyuma ya wavu, jirani na bwana mmoja mwenye rada ya mkononi. Nikamwomba asinionyeshe nambari mpaka niwe nimeandika yangu kwenye daftari. Mrushaji wa kwanza alikuwa wa ujanja ujanja, mipira yake laini. Nikaandika 84, 85. Rada ikasema 78, 79. Alipotoka akaingia kijana mwembamba mwenye mikono mirefu, na mpira wake wa kwanza ulinifanya nivute kichwa nyuma ingawa wavu ulikuwepo. Nikaandika 94 bila kusita. Rada: 87. Nikapunguza kiburi. Baada ya kama nusu saa akaja wa tatu, nami kwa kuwa nilikwisha mzoea yule wa 87, huyu nilimwona wa kawaida tu. Nikaandika 86. Rada: 90.

Nililitazama daftari lile usiku kucha, karibu. Makosa yangu yalikuwa na mpangilio. Kila mpira nilikuwa nikiulinganisha na ule uliotangulia, kisha ile tofauti naiita kasi. Kilichokuwa kikipimwa ni mshtuko wangu. Macho hayana pazia, wahenga walisema, ila hayana saa pia.

Hebu tuichukue hiyo 95 yako tuiweke mezani. Kutoka ubao wa mrushaji pale juu ya kituta hadi ncha ya nyuma ya bamba la mpigaji, kile kibao cha chini anaposimama kando yake, ni futi 60 na inchi 6, yaani mita 18.44, na umbali huo ni uleule tangu 1893. Lakini mrushaji anapiga hatua ndefu na kuuachia mpira karibu mita 1.7 mbele ya ubao, kwa hiyo safari ya mpira ni mita 16 na ushei. Mpira wa maili 90 (kilomita 145) kwa saa unaimaliza kwa takriban sekunde 0.43. Wa maili 95 unatumia takriban 0.41. Tofauti ya 90 na 95, ambayo kwa kijana ni tofauti ya kusahaulika na kuitwa na timu kubwa, ni sehemu mbili za mia za sekunde. Kupepesa jicho mara moja kunachukua si chini ya mara nne ya muda huo. Na wewe ulikuwa umekaa jukwaani na karanga mkononi.

Aliyelisema jambo hili vizuri kuliko wote ni Greg Maddux, mrushaji aliyepata tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, miaka minne mfululizo kuanzia 1992 bila kuwa na mkono wa kutisha. Mfano wake ulikuwa wa magari. Ukiyatazama magari yakija kwa mbali barabarani huwezi kujua lipi linakwenda maili 55 na lipi 65, mpaka uyaone mawili yanayopishana kwa mwendo. Maisha yake yote kazini aliyajenga juu ya imani kwamba mpigaji hawezi kusoma kasi, kwa hiyo ukiifanya mipira yote ionekane sawa inapotoka mkononi halafu ukaibadilishia mwendo, umemmaliza. Alimtoa mtu mmoja tu katika kanuni hiyo, mpigaji Tony Gwynn, tena kwa kumtukana kwa mapenzi. Alikuwa na haki: miaka yote waliyokutana, Maddux hakuwahi kumtoa Gwynn kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu iliyomshinda, hata mara moja.

Sasa kama wapigaji wa kulipwa, wanaosimama pale pale mpira unapopita, wanadanganyika, wewe na mimi wa nyuma ya wavu ni nani? Mtu anayetazama kitu kikimjia hana kipimo cha mwendo machoni. Anachokiona ni kitu kinachokuwa kikubwa. Mpira wenye kipenyo cha kama sentimita 7.4, kwa umbali ule, ni nukta. Unabaki nukta kwa sehemu kubwa ya safari, kisha mwishoni unafura ghafla, na hapo mpigaji alikwisha amua zamani. Mwaka 1984 watafiti Bahill na LaRitz walipima macho ya wapigaji, na hata mchezaji wa kulipwa waliyempima aliuacha mpira ulipokuwa umebakiza kama mita 1.7 kufika. Jicho haliwezi kugeuka kwa mwendo ule.

Kutokana na hilo kuna kioja kimoja nakipenda sana. Umewahi kusikia wapigaji wakiapa kwamba mpira fulani "ulipanda" ulipokaribia? Haupandi. Katika sekunde 0.43 mvuto wa dunia peke yake ungeuangusha karibu mita moja, na ule mzunguko wa kinyume anaoupa mrushaji kwa vidole unapunguza tu huko kuanguka. Mpigaji aliukadiria kuwa wa polepole, akautegemea chini, ukapita juu ya kigongo chake. Kosa lake la kasi akalisimulia kama muujiza wa kimo. Wala hasemi uongo, ndivyo alivyoona.

Na waliosimulia miujiza ni wengi. Mrushaji Steve Dalkowski hakuwahi kucheza mechi rasmi ya ligi kuu, lakini waliomwona katika ligi ndogo waliapa kwamba hajatokea mwenye kasi kama yake, wengine wakampa maili 110 na zaidi. Mwaka 1958 alipelekwa Aberdeen ya Marekani, kwenye uwanja wa jeshi wa kujaribia silaha, akarushe mbele ya mitambo. Ikatoka 93.5. Kweli, alikuwa amerusha mechi jana yake, hakukuwa na kituta, na ilimchukua kama dakika arobaini kuupitisha mpira mahali mtambo ulipoweza kuusoma, hivyo siku nzuri bila shaka angezidi. Lakini fikiria mwenyewe mtu ambaye mwaka 1960, huko Stockton, aliwatoa wapigaji 262 kwa straiki na akawapa wengine 262 nafasi ya bure kwa kurusha ovyo. Ukisimama mbele yake hujui kama mpira unakuja bambani au mbavuni. Nadhani ile hofu ndiyo iliyoongeza maili kumi na tano. Hilo ni langu, usimwambie mtu nimelithibitisha.

Hata mashine zenyewe zahitaji kuulizwa swali moja: umeipima wapi? Mpira unapigana na hewa njia nzima, na ulioachiwa kwa 95 unafika bambani na kama 87. Mrushaji Nolan Ryan alipopimwa Anaheim mwaka 1974 na kupewa 100.9, rada iliusoma mpira ukiwa umekaribia bamba. Mrushaji mwingine, Aroldis Chapman, alipopewa 105.1 kule San Diego mwaka 2010, nambari ilichukuliwa karibu na mkono. Watu wanaziweka kando kwa kando na kumwona Ryan mtoto. Ukisogeza kipimo cha Ryan kirudi mkononi, mazungumzo yanabadilika kabisa.

Rada ya mkononi yenyewe iliingia kwenye mchezo huu kwa bahati. Mwaka 1974 Danny Litwhiler, kocha wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, aliona habari ya polisi wa chuo na rada yao ya kukamatia magari, akajiuliza kama itaweza kukamata mpira. Kabla ya hapo watu walihangaika. Kule Chicago, mwaka 1940, mrushaji Bob Feller alishindanishwa na pikipiki iliyompita kwa mwendo mkali, na mpira ukatangulia kufika. Huko nyuma zaidi, mwaka 1912, mrushaji Walter Johnson alipelekwa kwenye kiwanda cha silaha cha Remington pale Bridgeport, akapata futi 122 kwa sekunde. Ikumbuke nambari hiyo, nitairudia.

Mengine nayapitia haraka, maana barua imenenepa. Runinga usiitegemee: kamera iko mbali nyuma ya mrushaji, na lenzi ya kuvuta inabana umbali mpaka kituta na bamba vinaonekana kugusana. Mlio wa glavu nao ni tapeli. Mdakaji hodari hata mpira wa maili 80 anaupokea mahali panapolia kama bunduki, na ukikaa mita 100 mlio unakufikia sekunde 0.3 baadaye. Urefu wa mrushaji pia. Anayeuachia mpira sentimita 30 mbele zaidi ya mwenzake anamwibia mpigaji muda unaolingana na karibu maili 1.7. Na viwanja vya watoto ndivyo vinavyopoteza watu kuliko vyote. Katika Little League kituta kiko futi 46 tu, mita 14, na mtoto anayerusha maili 70 anampa mpigaji muda uleule anaopewa mtu mzima na mpira wa maili 92 hivi. Wazazi wanaona 92. Kwa mshtuko wana haki, kwa rada hawana.

Usinielewe kwamba jicho halifundishiki. Mwisho wa ile siku ya daftari nilikuwa nakosea kwa maili mbili au tatu tu kwa yule wa tatu, kwa sababu kila baada ya kuandika nilionyeshwa jibu. Ndivyo wanavyofanya wasaka vipaji: miaka ya kukisia na kusahihishwa papo hapo. Tatizo la miaka yako kumi na tano ni kwamba hakuna aliyekusahihisha. Tena akaja mrushaji wa nne, mkono mfupi, anauficha mpira nyuma ya sikio mpaka dakika ya mwisho, nikakosea kwa saba.

Sasa video yako. Umefanya jambo moja la maana bila kujua: simu yako ilikuwa kwenye mwendo wa taratibu, fremu 240 kwa sekunde. Kwa macho, tofauti ya 90 na 95 haionekani. Kwa fremu 240 ni kama tano au sita, na fremu zinahesabika. Kutoka mkononi hadi kwenye glavu ya mdakaji, ambaye anakaa nyuma ya bamba, nakisia mita 17 na nusu. Zidisha kwa 240, zidisha kwa 3.6, unapata 15,120. Gawa kwa idadi ya fremu, hiyo ndiyo kasi ya wastani kwa kilomita. Ongeza asilimia nne au tano ili upate kasi ya pale mpira unapoachiwa.

Nimehesabu mara tatu. Mara mbili nimepata 118, mara moja 117. Inatoka kilomita 128 za wastani, kama 134 mkononi. Ni maili 83.

Usininunie. Maili 83 kwa kijana wa miaka kumi na sita ni mkono wa kutunzwa. Na zile futi 122 za Walter Johnson, ukizigeuza, ni hizohizo 83, ingawa yeye alipimwa mwishoni mwa safari, si mwanzoni, kwa hiyo usiende kumwambia kijana kwamba amemfikia.

Safari ijayo simama pembeni, kati ya kituta na bamba, mbali kidogo, ili nione mkono unapoachia na glavu inapofunga. Katika hii, kichwa cha mtu aliyeketi mbele yako kimeuficha mkono, na fremu mbili za mwanzo nimezikisia. Nisalimie watoto na shemeji.

Wako,
Idrisa

Nimesahau. Yule mpigaji aliyeruka nyuma nimemrudia. Kabla ya mpira wako wa "95" kijana alirusha mwingine, na uliurekodi pia. Nimeuhesabu: fremu 141. Maili 70.