Kwa vijana mnaofundisha programu Dar es Salaam: mfikisheni mwanagenzi kwenye ukurasa wenyewe

Wanangu wa Kijitonyama, Mlimani, Temeke na kwingineko jijini,

Salaam. Mnafundisha wenzenu jioni baada ya kazi, bila kudai chochote, nami najivunia kuwaona. Ndiyo maana nasema bila kuzunguka: acheni kumjibu mwanagenzi "kasome nyaraka", yaani maandishi yanayoeleza lugha ya programu na matumizi yake. Jibu hilo linamfukuza. Anayeambiwa "nenda Kariakoo utaipata", asitajiwe mtaa wala duka, atazurura mpaka jua lizame, na kesho hatakuuliza tena.

Chukueni Python, lugha ya kuandikia programu, maana wengi wenu ndiyo mnayoanzia. Nyaraka zake rasmi zina sehemu kadhaa, na kila sehemu ina msomaji wake. Yapo mafunzo ya hatua kwa hatua. Yapo marejeo ya maktaba, yanayoeleza moduli (mafungu ya programu yaliyo tayari) na fankisheni (amri zilizo tayari kutumika) moja moja. Yapo pia marejeo ya lugha yenyewe, ambayo hata fundi mzoefu huyasoma taratibu. Aliyeuliza namna ya kufungua faili mkimtupa kwenye marejeo ya maktaba, atakutana na fankisheni ya open, ya kufungulia faili, yenye vigezo vinane, yaani taarifa inazoweza kupewa, naye bado hajui hata kimoja. Anachokitafuta kiko kwenye mafunzo, sura ya 7, kifungu cha 7.2. Mpeni kiungo cha kifungu hicho hicho, na mwambieni aishie wapi.

Hata hayo mafunzo yana mtego, na hapa nawaomba mnisikilize sana. Yanamchukulia msomaji kama mtu aliyekwisha kuandika programu kwa lugha nyingine. Ukifika sura ya 4, for, amri ya kurudiarudia kazi, inaelezwa kwa kulinganishwa na C na Pascal, lugha nyingine za programu. Binti aliyemaliza kidato cha nne Mbagala hajapata kuiona Pascal! Akikwama hapo ataona akili yake ndiyo nzito, afunge kompyuta, asirudi. Mwambieni mapema: "Sentensi hiyo iruke, wewe shika mifano." Maneno machache tu, lakini lazima yatoke kwa mtu aliyeusoma ukurasa kabla ya kumtuma mwenzake.

Someni naye ukurasa wa kwanza bega kwa bega. Kiingereza cha nyaraka hizo kinawatisha wengi ambao mifano yenyewe wangeielewa vizuri. Basi aanze na mfano: auandike kwa mkono wake, abadilishe kitu kimoja, aone kinachotokea, ndipo arudi kwenye maelezo. Penye ugumu mfafanulieni kwa Kiswahili, wala msione kwamba mnamdekeza.

Kabla ya kutoa kiungo chochote, ulizeni: unataka kufanya nini, na kwenye kompyuta yako kuna toleo gani? Python 3 ilitoka mwaka 2008, na Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, lakini maelezo ya zamani bado yamezagaa. Anayenakili print, amri ya kuonyesha maandishi, isiyo na mabano kama ilivyokuwa Python 2, kwenye Python 3 ataletewa kosa ambalo hakulitenda yeye. Juu ya ukurasa wa nyaraka rasmi pana namba ya toleo. Azoee kuitazama hiyo kwanza.

Wanaojifunza kutengeneza tovuti wapelekeni MDN, tovuti yenye nyaraka za kutengeneza tovuti, ila upande wa kujifunza, si wa marejeo. Marejeo watayahitaji baadaye.

Limebaki suala la bando. Nyaraka za Python zinaweza kupakuliwa zote kwa mkupuo. Mmoja wenu azipakue, awagawie wengine kwa flashi. Waonyesheni pia help(), amri ya msaada ndani ya Python, inayojibu papo hapo bila intaneti. Flashi hizo ziwe tayari kabla kundi jipya halijaanza, na ndani yake wekeni faili fupi ya Kiswahili: siku ya kwanza soma kifungu hiki mpaka hapa, siku ya pili hiki, ukikwama mpigie fulani.

Mzee wenu,
Sinza