Tuwatafute wasiofika

Ahero, Kisumu

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kano. Nyumbani hatujambo, na mpunga umeanza kutoa mashuke. Siku ile kwenye simu uliniuliza kamati yetu ya zahanati inafanya nini hasa, nikakujibu kwa mkato. Leo nakueleza vizuri, maana wewe ni muuguzi na ushauri wako nauhitaji.

Kila mwezi tunasomewa hesabu ya waliotibiwa na watoto waliochanjwa, kisha hesabu hiyo hupelekwa kaunti, na kwayo tunapimwa. Kipimo hicho hakinitoshi. Rejista inamjua aliyehudumiwa tu. Mama aliyefika na mtoto ana homa, akaambiwa dawa ya malaria imekwisha, akapanda bodaboda kwenda kemisti, ni vigumu kumwona humo. Aliyezuiliwa na mafuriko ya mto Nyando hayumo kabisa. Dawa zikikosekana, watu huacha kuja, na kwenye karatasi inaonekana kama kijiji kimepona! Hilo linaniuma sana.

Angalia chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa huku magharibi Septemba 2019. Dozi tatu za kwanza mama huja, kwa kuwa mtoto bado mchanga na kliniki ameizoea. Ya nne huja baada ya miezi mingi, mtoto anakimbia uani na mama yuko shambani. Ukitazama jumla utatupongeza. Ukifuata jina moja moja, utawaona walioachwa njiani.

Kwa hiyo nimependekeza tulinganishe rejista ya zahanati na kumbukumbu za wahudumu wa afya ya jamii, hawa ambao serikali iliwapa vifaa mwaka 2023, kila mmoja akitarajiwa kuzungukia nyumba 100 hivi. Wao wanajua nani ni mjamzito na nani ana mtoto mchanga. Jina lililo kwao na halipo kwetu, huyo afuatwe nyumbani.

Pili, dawa ikikosekana iandikwe ubaoni, mahali pa wazi: dawa gani, imekwisha lini, iliagizwa lini. Muuguzi wetu alihofia kulaumiwa, na sikumshangaa. Yuko peke yake zamu nzima, na dawa si yeye anayezileta. Lakini naamini ubao huo utamtetea yeye kwanza. Tangu 2013 zahanati ziko chini ya kaunti, na wananchi tuna haki ya kutoa maoni bajeti inapopangwa. Tukienda na tarehe mkononi, hatutaambiwa tunalalamika tu.

Jambo moja bado linanisumbua. Wapo wanaotumia ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, ambao hawataki jirani ajue, na wahudumu wa afya ya jamii ndio majirani zao. Mimi naona rejista ifunguliwe na muuguzi peke yake, mhudumu apewe majina ya chanjo na kliniki ya wajawazito tu, nasi wanakamati tupewe idadi. Je, yatosha? Huko Nakuru mnafanyaje? Niandikie kabla ya mkutano wetu wa mwisho wa mwezi, nipate kuwasomea wenzangu.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi rafiki yako wa Ahero