Shahada ya sheria pekee haimfanyi mtu wakili

Ndugu Mhariri,

Wazazi wengi wa Moshi na Arusha hudhani kijana akihitimu shahada ya kwanza ya sheria tayari ni wakili. Bado. Anayetaka uwakili huenda Shule ya Sheria, Dar es Salaam, akasoma, akafanya mafunzo kwa vitendo na kufaulu mitihani, ndipo aombe kuapishwa na Jaji Mkuu. Familia ihesabu mapema ada ya shule hiyo na kodi ya chumba.

Kwenye mitihani ya shule hiyo ndipo wengi hukwama. Katika matokeo ya mwaka 2022, kati ya watahiniwa 633, ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja. Anayekariri vifungu bila kuandika hata hati moja ya madai ataumia. Tangu mwaka wa pili wa chuo kikuu mwanafunzi ahudhurie mahakama ya wazi, aandike hati za madai na viapo, na mwalimu azisahihishe kwa kalamu nyekundu.

Asiyetaka uwakili anaweza kuwa ofisa sheria benki, bima au halmashauri. Tena Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Huko Kifaransa ni mtaji, na inasikitisha vijana wetu wanakipuuza.

Mdau wa elimu ya sheria,
Moshi