Barua ya wazi kwa vijana wa doria za misitu: msiishie kwenye kiberiti

Wanangu,

Assalamu alaykum, na kwa wasio Waislamu, salamu za amani. Nawaandikia kutoka Likoni, kaskazi ikiwa imekausha majani yote, nanyi mkijiandaa kupanda vilima vya Shimba kusaidiana na wenzenu wa Kwale kuulinda msitu. Kazi hiyo ni ya heri, kwani maji ya chemchemi za Marere yatokayo vilima hivyo ndiyo waliyokunywa babu zetu hapa Mombasa.

Ninalowausia ni moja: mnapomshika mtu kwa kosa la moto, msiishie kwenye kiberiti alichokutwa nacho.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa mahakamani kutwa nzima kwa ajili ya jirani yangu, mrina asali. Alikamatwa na mwenge wa makuti ulioteketea nusu, nta ingali imemganda vidoleni. Tajiri aliyempa madumu na kumwahidi kuinunua asali yote hakuitwa hata kutoa ushahidi. Jirani yangu alifungwa, na msimu uliofuata tajiri yule akamtuma mwingine. Liliniuma, na linaniuma hadi leo, kwa sababu sheria haikuwa na upungufu: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuwasha moto msituni, na inakataza vilevile kumsaidia mwingine kuuwasha. Basi ulizeni nani alituma na nani angenunua, na majibu yaandikwe siku hiyohiyo.

Kifungu cha 10 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kimeuweka utawala wa sheria pamoja na heshima ya binadamu na haki ya kijamii katika maadili ya taifa. Sisi wa pwani tulikuwa na neno la hayo yote kabla ya Katiba, nalo ni utu. Wazee wa kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, hawakuwa na pingu. Aliyekata mti wa kaya aliitwa mbele yao akajieleza, kisha akatozwa kuku au mbuzi, na misitu ile, iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, imetufikia ingali imesimama.

Lakini msidhani kwamba mila peke yake inatosha. Indonesia ina sheria ya mazingira ya mwaka 2009 inayokataza kufyeka shamba kwa moto, ila imeiachia mila nafasi: familia inayopanda mbegu za kienyeji yaweza kuchoma hadi hekta 2, mradi izungushe kinga ili moto usitambae. Hata hivyo, mwaka 2015 ziliungua huko zaidi ya hekta milioni 2, na moshi ukafika Singapore na Malaysia. Kinga iliyoandikwa kwenye karatasi haizimi kitu. Lazima mtu aende akaione kwa macho yake.

Kwa hiyo, kabla ya masika, nendeni kwa wazee wa vijiji vinavyopakana na msitu, mkubaliane siku za kuchoma mashamba, na siku hizo muwepo.

Jirani yangu alikwisha kutoka gerezani. Nimezungumza naye, naye amekubali kuwafundisha warina wenzake kufukiza nyuki kwa moshi wa chombo chenye kifuniko badala ya mwenge. Atakapokuja kwenu, mpokeeni kama mwalimu.

Mzee wenu,
Likoni, Mombasa