Mgeni njoo: salamu za Mwaka Mpya kutoka Leith

Ndugu, jamaa na marafiki, mlio nyumbani na mlio ughaibuni, asalaam aleikum. Nawaandikia kutoka Leith, bandari ya Edinburgh, tarehe 31 Desemba. Jua limechomoza saa tatu kasorobo asubuhi, na kabla ya saa kumi litakuwa limeshazama. Siku ya leo huku Uskoti huitwa Hogmanay, na kwa wazee wa hapa ndiyo sikukuu yenyewe hasa.

Krismasi haikuwa na nafasi. Baada ya Matengenezo ya Kanisa ya mwaka 1560, Uskoti ilipoacha Ukatoliki na kufuata Uprotestanti, Kanisa la Uskoti liliikataa, na kwa karne nyingi watu wengi walikwenda kazini tarehe 25 Desemba kama siku nyingine yoyote. Ilifanywa mapumziko rasmi mwaka 1958 tu! Furaha yote ya kipupwe ikahamia usiku huu, na mpaka leo tarehe 2 Januari watu wa huku bado wamepumzika wakati England wamesharudi kazini.

Tangu asubuhi ngazi za jengo letu zinanukia sabuni. Desturi ni kufagia nyumba, kuzoa majivu ya mwaka wa zamani na kulipa madeni kabla ya saa sita ya usiku. Jana jirani wa ghorofa ya chini alinirudishia bakuli nililompelekea pilau mwezi wa Oktoba. Hakutaka lilale kwake hadi mwaka mwingine.

Ila linalonigusa zaidi ni la kizingiti. Waskoti huamini kwamba mtu wa kwanza kuvuka mlango baada ya saa sita ndiye anayeingia na bahati ya nyumba hiyo kwa mwaka mzima. Anayetakiwa ni mwanamume mrefu mwenye nywele nyeusi. Wa nywele za dhahabu hakupendwa, na wazee hueleza kuwa ni kumbukumbu ya Waviking waliokuja kwa mashua kupora. Naye haingii mikono mitupu: hubeba kipande cha makaa ya mawe, chumvi, keki nyeusi ya zabibu kavu au biskuti za siagi, na wiski.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, bibi wa ghorofa ya juu, mjane, aligonga mlango wangu jioni ya Hogmanay. Tulikuwa tukisalimiana tu kwenye ngazi. Akaniomba nije kwake saa sita ikishapiga, kwa sababu mimi ni mrefu na nywele zangu ni nyeusi, na tangu mumewe afariki hakuna aliyekuwa akimvukia kizingiti. Ndugu zangu, nilikuwa na miezi minne katika nchi hii, nimezoea kutazamwa kama mtu aliyepotea njia, na hapo nikawa ndiye mgeni anayengojewa. Nilisimama gizani kwenye ngazi za mawe, makaa yamefungwa kwenye gazeti, mpaka nikasikia kengele. Wiski sinywi, kwa hiyo nilimpelekea kaimati. Alinifundisha maneno ya kusema mlangoni: "Lang may yer lum reek", yaani dohani yako na ifuke moshi siku nyingi. Sikuhitaji kufafanuliwa. Kwetu pia, jiko lisilofuka moshi linajulikana maana yake.

Nami nikamfundisha: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamsimulia Makunduchi, Unguja, ambako siku ya Mwaka Kogwa, yaani mwaka mpya wa jadi, mwezi wa Julai, nyumba isiyopata mgeni huonekana imekosa kheri. Alinyamaza kidogo, kisha akaniongeza chai.

Mwaka huu unaokwisha umekuwa mzito kwangu. Nilikosa kazi niliyoitumainia sana. Bibi alinikuta nimekaa ngazini, akanishika bega: "Whit's fur ye'll no go by ye." Kilicho chako hakitakupita. Mama yangu husema riziki haivutwi kwa kamba, na siku ile nilihisi kama hao wawili wamekaa jamvi moja.

Kwa hiyo nawaombea: mliofiwa, Mungu awape subira. Wenye deni, lilipike. Wanaoishi peke yao miji ya mbali, apatikane wa kuwagongea mlango, au nendeni ninyi mkagonge. Dohani zenu zifuke.

Tanga iko mbele yetu kwa saa tatu, kwa hiyo ikifika saa tatu usiku hapa mama atapiga simu kuniambia mwaka umeshaingia. Kila mara huuliza jambo moja: "Makaa ya bibi umeshayatia kwenye gazeti?" Nimeshayatia, Mama. Yako hapa mlangoni, karibu na viatu.

Heri ya Mwaka Mpya.