Si kila mtoto anayeinama anaamkia

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya ulieleza vizuri degedege linaloletwa na homa: mlaze mtoto ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mpeleke hospitali. Naomba nafasi niongeze habari ya degedege lisilo na homa wala povu, ambalo madaktari huliita infantile spasms, nasi nyumbani tulilicheka.

Binti yangu alikuwa na miezi mitano. Kila akiamka, kichwa kilimwangukia mbele, mikono ikafunguka, magoti yakapanda tumboni, kisha akalegea. Sekunde moja au mbili tu. Kabla sijamnyonyesha, tena. Na tena. Asubuhi moja nilihesabu mara 17. Bibi yake akasema mjukuu wake ana adabu, akiamka anaamkia. Tukacheka. Jirani akasema ni chango, tukampaka mafuta ya nyonyo. Kliniki walimpima uzito, nesi akatia nukta kwenye kadi: kijani, mtoto anaendelea vizuri, mama. Simlaumu sana, foleni ilifika nje, na mizani haiwezi kuonyesha kwamba mtoto ameacha kucheka. Maana alikuwa ameacha. Nilimwita, akatazama ukuta. Nikadhani ni meno.

Aliyetuokoa ni mdogo wangu, aliyemrekodi kwa simu ili akamchekeshe mkewe. Video hiyo ndiyo niliyomwonyesha daktari, maana mbele yake mtoto alilala fofofo. Aliitazama nusu dakika tu. Akauliza: humjia akiamka? Hufuatana? Ana homa? Kuna alichokiweza ambacho sasa hakiwezi? Tukatumwa kipimo cha umeme wa ubongo, akaanzishiwa vidonge vya predinisoloni kwa dozi kubwa, na onyo kwamba tusithubutu kuviachisha ghafla. Wiki ya pili kule kuinama kukakoma. Lakini tulikuwa tumeshapoteza wiki sita, na katika ugonjwa huu kila wiki ina bei yake. Leo ana miaka mitatu, anatembea kwa kushikwa, maneno bado.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1841 tabibu wa Tonbridge, Uingereza, William James West, aliliandikia barua jarida la The Lancet kuhusu mwanawe mwenyewe. Alieleza kichwa kinavyokwenda magotini na kurudi, mara kumi, ishirini au zaidi kwa mfululizo, akaomba madaktari wenzake wamsaidie. Tabibu mmoja wa London aliyaita hayo degedege la salaam. Salaam! Nilimsomea mama mkwe, akanyamaza muda mrefu.

Najua watasema watoto wote hushtuka. Kweli, mchanga hushtuka mlango ukibamizwa, na mshtuko huo kwa kawaida huisha kati ya mwezi wa nne na wa sita. Lakini huo huwa mmoja na una sababu. Hili la kwetu lilikuja bila kelele, kwa mfululizo, mara nyingi akitoka usingizini, na huwapata zaidi watoto wa miezi mitatu hadi mwaka mmoja. Mzazi akiliona, arekodi kwa simu, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki. Na akiambiwa ni chango, aonyeshe video tena, kwa mwingine.

Ombi langu kwa wakuu wa kliniki ni dogo: kabla ya mtoto kutundikwa kwenye mizani, mama aulizwe kama kuna kitu mtoto ameacha kufanya. Mimi ningejibu siku ile ile.

Bibi yake siku hizi mtoto akiinama tu kuokota mwanasesere, huacha anachofanya na kunitazama usoni.

Wako,
Mama wa mtoto mmoja,
Tanga