Muswada haujawa sheria, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya ukurasa wa mbele iliyotangaza kwamba "sheria mpya" imewabana wafanyabiashara wadogo bila shaka bado mnaikumbuka, maana kesho yake mliirudia. Gazeti hili nimelisoma tangu ujana wangu na sijawahi kuwaandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Kilichotokea bungeni Dodoma ni muswada kusomwa kwa mara ya kwanza tu. Hata kamati ilikuwa haijakaa kusikiliza maoni ya watu.

Ibara ya 97 ya Katiba ya 1977 haina mafumbo: muswada hauwi sheria mpaka upitishwe na Bunge na ukubaliwe na Rais. Rais anaweza kuukataa na kuurudisha pamoja na sababu zake. Hata akishausaini, unangoja kuchapishwa katika Gazeti la Serikali, yaani lile la matangazo rasmi, ndipo uanze kutumika, isipokuwa kama sheria yenyewe imepangiwa siku nyingine. Hatua zote hizo mmeziruka. Mtu aliyekuwa na haki ya kupeleka hoja zake kwenye kamati amesoma kichwa chenu cha habari, akaona mambo yamekwisha, akakaa nyumbani.

Madhara yake nimeyaona kwa macho yangu. Sokoni tunakouzia alikuja mtoza ushuru na karatasi mkononi, akidai ushuru uliopanda, na alipoulizwa akajibu kwamba sheria imeshapita na hata magazeti yameandika. Nikaomba niisome. Juu kabisa palikuwa pameandikwa "Rasimu ya Sheria Ndogo". Haikuwa na saini ya waziri wala namba ya tangazo la Serikali. Nikamweleza kwamba sheria ndogo ya halmashauri lazima iidhinishwe na waziri anayehusika na serikali za mitaa, itangazwe, ndipo mtu adaiwe kwa nguvu yake. Kabla ya hapo ni pendekezo, na sisi tunaotakiwa kulipa ndio wa kwanza kuulizwa. Hakunijibu. Mama wa meza ya pili akanivuta mkono akaniambia, "Lipa tu baba, sheria ni sheria." Wakalipa wote, na wengine walikuwa hawajauza hata kitu kimoja asubuhi ile! Watu hawa si wajinga. Wanasoma, wanasikiliza redio, na kila mahali wamekuta karatasi yoyote yenye mhuri inaitwa sheria, basi hawana pa kusimamia wanapoonewa.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, niligusie na hili la matamko. Kiongozi akisimama jukwaani na kusema kuanzia kesho jambo fulani marufuku, ninyi mnaandika kwamba wavunjaji "watachukuliwa hatua za kisheria". Sheria ipi? Tamko, agizo, waraka na mwongozo kila kimoja kina uzito wake. Waziri anaweza kutunga kanuni, lakini ni kwa sababu Bunge limemkabidhi madaraka hayo ndani ya sheria mama, na kanuni zake haziwezi kwenda kinyume nayo. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria za nchi hii. Msitumie Kiingereza kama kisingizio.

Ninaomba hivi. Habari yoyote yenye neno "sheria" isivuke meza ya mhariri wa habari kabla mwandishi hajataja namba ya sheria hiyo, mwaka wake, na tarehe ya Gazeti la Serikali lililoichapisha. Akishindwa, neno lifutwe, liwekwe muswada, rasimu au agizo, kwa herufi kubwa zilezile za kichwa cha habari. Na kila muswada unapofika bungeni, chini ya habari wekeni kisanduku kinachosema ni kamati gani inaushughulikia, maoni yanapelekwa wapi, na mwisho wa kuyapokea ni lini.

Mfanyabiashara wa sokoni,
msomaji wenu wa siku nyingi